Upanga Haukati Mti

Kadi ya picha ilikuja na treni kutoka Dar,
imefungwa kwenye shuka, ndani ya ndoo ya plastiki,
mletaji mwenyewe hakujua amebeba nini.
Mchezo tuliushusha usiku saba
kwa kifurushi cha saa sita hadi alfajiri,
gigabaiti zikidondoka kama asali ya wakati wa baridi,
umeme ukikatika Isevya, tukiendelea tulipoishia,
pengine tukianza upya, tukitukana kimya kimya
Mama Kalunde, mwenye nyumba, asiamke.

Zamani tuliucheza kwa mashine ya kukodi,
nusu saa mia tano,
kwenye televisheni yenye mstari wa kijani pembeni.
Samurai alikuwa doa jeusi. Nyasi zilikuwa mkeka.
Leo Seleli ameweka kila kitu juu kabisa,
vivuli juu, maji juu, umbali wa kuona juu,
feni inalia kama cherehani ya fundi aliyechelewesha nguo za harusi,
na mkeka umefumuka: unyasi mmoja mmoja,
kila mmoja na upepo wake.

"Tazama," ananiambia. "Hata mshono wa ala unaonekana."

Watoto wa jirani wamejaa mlangoni.
Farasi hawajapata kumwona;
wanauliza anabeba magunia mangapi ya mkaa.
Seleli hajibu. Wiki ya tatu hii hajaenda vitani.
Kijiji kinaungua mashariki, alama nyekundu inamwita kwenye ramani,
naye anapanda mlima, anashuka farasi,
anasimama mbele ya msonobari,
anachomoa upanga,
anaupiga mti.
Anapiga tena. Chuma kinatoa cheche, gome halichubuki.
Humu watu wanakatika, mianzi inakatika.
Mti, hapana.

Anacheka. Kicheko hicho nakijua.
Msimu ule alipokuwa Kaliua, kwenye mabani ya tumbaku,
shoka lilikuwa lake,
na mtundu, na myombo, na mninga mchanga,
yote ilimkubalia.
Bani likiwashwa halilali siku saba.
Zinaingia kuni, linatoka jani la rangi ya dhahabu
na deni la mbolea.
Alikata akisogea, akakata akisogea,
mpaka akaufikia mti wenye mzinga wa baba yake.
Akapanda, akaushusha mzinga taratibu
kama anayemfungua mtoto mgongoni.
Ulikuwa mtupu. Nyuki walishahama zamani.
Halafu akashuka, akaukata na ule.

Hakunisimulia yeye. Nilisimuliwa na aliyeshika upande wa pili wa msumeno.

Saa tatu na robo umeme ukaondoka.
Nyasi zote zikaondoka nao,
na mlima, na kijiji kisichookolewa.
Kilichobaki ni joto la feni likitoka polepole
na watoto wakipumua.

"Umeanguka?" mmoja akauliza gizani.

Seleli akapapasa simu, akawasha tochi,
akamulika viganja vyake kwanza.