Chokaa Haijaiva

Wageni huanzia mlangoni, na mlango haukatai kutazamwa:
mfaa wa maua, mnyororo uliochongwa pembezoni,
misumari ya shaba niliyoisugua kwa ndimu hadi vidole vikaniwasha.
Huambiwa jina la tajiri, mwaka aliojenga,
bei ya karafuu msimu ule.
Wakishapiga picha hupanda juu,
nami hubaki na ndoo yangu.

Mimi ningeanzia kwenye boriti.
Jumba hili la Sokomuhogo lina ghorofa tatu
na vyumba virefu, vyembamba kama vichochoro,
kwa kuwa mkoko haurefuki kwa amri ya mtu.
Alikuwa na mashamba hadi Dole, na vioo vya kuja kwa meli,
lakini ilipofika dari akapimiwa sawa na mchukuzi wake:
hatua nne, basi, ukuta.

Na ukuta wenyewe! Matumbawe na udongo;
mkono ukizama hadi kwapani hujafika upande wa pili.
Vidaka vilivyoshika sahani za kaure
sasa vinashika simu yangu na chupa ya chai.

Machi, ngazi ya pili, nikibandua tabaka kwa tabaka,
nyeupe, ya buluu, nyeupe tena,
ya kijani enzi ilipokuwa ofisi, nyeupe ya kale,
nikafika kwenye kiganja.
Kidogo. Gumba limeteleza
kama la mtu aliyeitwa ghafla.

Si cha tajiri; tajiri hagusi chokaa mbichi.
Daftari zake zinataja pembe, kaniki, magunia;
watu wamo kwenye jumla.
Bibi yangu, Bi Zaafarani, alisema mara moja tu
kwamba mama yake "aliwabebea mawe watu wa mjini",
kisha akauliza kama samaki wameshaparwa.

Nikaweka changu juu yake. Hakikuenea.

Msimamizi, Bwana Mwadini, ameandika:
"Ngazi ya pili, kovu ukutani. Lizibwe."
Nikamwambia chokaa haijaiva.
Na kweli chokaa ina miezi yake:
huchomwa, huzimwa kwa maji,
hulazwa shimoni hadi ipoe hasira.
Akarudi baada ya Ramadhani. Nikakoroga kwa mti, nikanusa.
Bado, nikasema.

Jana kapita tena. Kasimama pale ngazini
muda mrefu kuliko kazi yake,
kofia mkononi,
wala hakuniuliza habari za chokaa.