Usukani wa Kulia

Tulibadilishana funguo Chumbageni, saa nne asubuhi,
nje ya duka la betri.
Mashahidi: fundi Kibwana,
na mbuzi aliyekuwa anakula boksi la plagi.

Mimi nilitoa Mastangi nyekundu ya mwaka sitini na nane,
silinda nane, boneti ndefu kama kesi ya shamba.
Bwana Semkiwa akatoa Emji,
kijani kama jani la mpera, viti viwili,
mlango mwepesi kama mfuniko wa sufuria,
kigari alichokiacha Mgiriki mmoja
bei ya mkonge ilipoanguka naye akaanguka nayo.
Hakuna aliyemwongeza mwenzie hata shilingi.

Kibwana akanivuta kando:
"Umetoa fahali, umepewa paa. Paa halimi."
Nikamwambia sina shamba.

Semkiwa masikio yanamkimbia.
Anataka gari atakalolisikia
mpaka siku ya mwisho ya kusikia.
Hilo nililielewa. La kwangu sikumweleza.

Ile Mastangi aliishusha bandarini shemeji yangu, baharia,
mwaka ambao sukari ilikuwa kwa foleni.
Ikiwashwa Barabara ya Kumi na Tano
vikombe vya Bi Rehani vinagongana kabatini.
Ilikunywa petroli kama mgeni asiyejua bei.
Lakini usukani wake ulikuwa kushoto,
na sisi huku tunaendesha kushoto,
basi dereva unakaa ubavuni mwa mtaro
na mbele huoni ila mgongo wa lori.
Mwenye kuona ni wa kulia.

Wa kulia alikuwa Mwantumu.
Anatoa kichwa dirishani, mkono mmoja umekamata ushungi.
"Bado," anasema.
"Bado. Basi la Lushoto hilo. Bado."
Halafu, "Pita!"
nami nakanyaga, sijaona kitu,
kama mtu anayeitikia dua kwa lugha asiyoijua.
Miaka ishirini na sita
sikulipita gari hata moja kwa macho yangu.

Mara moja alikosea, Pongwe.
Tuliingia kwenye katani zilizoanikwa,
tukatoka na ndevu nyeupe wote wawili.
Alicheka hadi Muheza.
Mimi nilikasirika; sasa sijui kwa nini.

Alifariki Mfunguo Tano.
Tangu hapo kila safari nimekwenda
mwendo wa lori lililo mbele yangu,
nyuma yangu honi na matusi.
Nilimpakia mpwa wangu Shekue. Macho kwenye simu:
"Pita, mjomba."
Lori la mchanga lilitukosa kwa unene wa rangi.
Nikarudi nyumbani, nikamtafuta Semkiwa.

Leo ni mara ya kwanza na Emji kwenye barabara kuu.
Usukani kulia. Nimekaa chini, karibu niguse lami,
goti linagonga redio isiyofanya kazi,
na mbele yangu lori limejaza majani mabichi ya mkonge,
linadondosha maji ya kijani.
Naona kila kitu.
Naona njia tupu hadi kwenye kona ya wauza machungwa,
hakuna basi, hakuna baiskeli, hakuna mtoto.
Gia ya tatu. Injini imeshakubali.

Kwenye kiti cha kushoto kuna khanga yake, imekunjwa.
Angekaa hapo asingeona ila mtaro.
Angenilaumu: "Umenifanya abiria."

Dereva wa lori akatoa mkono, akapunga:
pita, mzee, pita.
Nikasubiri.
Akapunga tena.
Nikasubiri hadi akakata kushoto, akaingia shambani,
barabara ikabaki yote,
nami sijampita mtu.