Tarakimu Tano Tano

Wanasema vita ile ilikuwa baridi.
Mimi niliishika kwa vidole hivi:
ilitoka mashineni ina joto,
utepe wa njano wenye vitundu,
na chumba kizima kikanuka mafuta ya taipu.

Zamu ya usiku, chumba cha teleksi, ghorofa ya tatu.
Dirishani, Sanamu ya Askari ametupa mgongo,
singe ameielekeza bandarini,
shaba ya mtu aliyefia ugomvi wa wafalme wawili
wasiomjua hata jina.

Wajumbe nao walikuwa wawili.
Kilindo wa ubalozi wa Magharibi, kofia na vifungo vya dhahabu.
Mapunda wa ubalozi wa Mashariki, koti zito la kijivu
lililoshonwa na mtu asiyewahi kuiona Machi ya Dar.
Bahasha zao zilipigwa lakiri.
Wenyewe walikaa benchi moja, karanga za gazeti moja kati yao,
wakigombana kwa Yanga na Simba
ugomvi ambao mabalozi wao wangeuonea wivu.

Nikapiga.
Tarakimu tano, nafasi. Tarakimu tano, nafasi.
Za huku na za kule zilifanana kama punje za mtama.
Sikujua ipi ilisema wapeni unga,
ipi ilisema wanyimeni kwanza tuone.
Jina la nchi yangu lilinipita vidoleni
labda mara elfu, nisilitambue.
Redioni tuliambiwa hatufungamani na upande wowote.
Nililipenda neno lile, hata leo nalipenda.
Mashine yangu haikufungamana na yeyote:
ilimpigia kila aliyelipa.

Bwana Lyatuu, mkaguzi, alibandika ukutani amri ya foleni.
Juu kabisa, DHARURA ZA BALOZI.
Chini kabisa, ZA WATU.
Ndivyo alivyoandika. Za watu.
Hizo zilingoja kwenye kikapu cha waya.

Usiku mmoja, mwaka wa foleni za sukari,
bahasha zilikuja bila kukoma.
Tulidhani meli za kivita zimetazamana mahali fulani.
Karanga zilibaki benchini hazijaguswa.
Ili nisisinzie nikaanza kutunga kichwani:

*Wakubwa wana maneno, huyafunga kwa hesabu,*
*Huhesabu tano tano, siri ipate hijabu,*
*Mimi kwao ni mkono, sipewi hata jawabu,*

mshororo wa nne haukuja. Kengele ya mashine ililia.

Alfajiri ndipo nilipokifikia kikapu.
Karatasi kutoka Tabora, imeingia saa mbili usiku,
jina juu yake ni langu:
MAMA HAWEZI NJOO UPESI SHAMTE.
Maneno matano. Kaka alilipia kila moja.
Gari moshi la Bara liliondoka saa tatu,
na stesheni ni mwendo wa dakika kumi kutoka pale.

Kilindo alinitilia shilingi ishirini mkononi.
Mapunda akavua koti: "Tabora usiku kuna baridi, dada."
Nilifika siku ya tatu.
Udongo ulikuwa bado mbichi.

Juzi kijana wa chuo kikuu alikuja na kinasa sauti.
Anasema huko ng'ambo majalada yamefunguliwa,
zile tarakimu zimekuwa maneno.
Nikamtajia tarehe. Nikamtajia saa.
Akapekuapekua, akasoma, akanyamaza,
kisha akasoma tena kwa sauti ya chini:
balozi anaomba ruhusa ya kutohudhuria dhifa,
kwa kuwa yule mwenzake
amepangiwa kiti cha kulia kwa mwenyeji.

Nikamwambia azime kinasa sauti.
Nikaenda kumchemshia chai.

Koti bado ninalo. Limetoboka kwapani.
Mfukoni, siku nilipolivaa mara ya kwanza,
nilikuta maganda ya karanga.