Alikubali Upesi

Asubuhi, kabla hatujashuka Moshi mjini,
Ndeshi alinipa masharti mbele ya kioo:
usitabasamu, usiliguse,
usiulize linakula mafuta kiasi gani
kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuliegesha nyumbani.
Ukishindwa kabisa, kohoa.

Tuliingia yadi, barabara ya kwenda Arusha, saa tatu kamili.
Wingu limeifunika Kibo, na lile gari
limewekwa peke yake juu ya zulia jekundu,
toleo la mwaka huu, rangi ya parachichi bivu,
taa nyembamba kama macho ya paka aliyeshiba.
Nikakohoa.

Kijana akajitambulisha, Elirehema,
tai imekaza, viatu vimechoka.
Milioni sitini na nane, alisema, kama asomaye andiko.
Chema chajiuza, mama.
"Kiache basi kijiuze," Ndeshi akamjibu.
"Wewe mbona umetufuata tangu getini?"

Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja,
Kibosho na Uru, vipeo na vipeuo,
lakini siku ile sikuruhusiwa kutoa hata desimali.
Mwalimu alikuwa yeye, mwenye kizimba pale Memorial,
ajuaye kwa kidole, bila kuangalia,
koti lililovaliwa mara moja
na koti lililofiwa na mwenyewe.

Akatoa daftari mkobani.
Alikuwa amepiga simu Arusha mara mbili, kwa majina mawili.
Alijua bei ya Dar, alijua gharama ya kulipandisha gari huku,
alijua mwezi unaisha Ijumaa
na meneja ana idadi ya kutimiza.
"Hii laki tisa ni ya nini?"
Ya kuliandaa gari, mama.
"Kuliandaa? Kwani lilikuja kwenu likiwa chafu?"
Na kapeti za miguuni, laki mbili na nusu?
"Mimi nikikuuzia suruali, mifuko nakutoza kando?"

Kijana akaenda kwa meneja, akarudi.
Akaenda, akarudi.
Safari ya tatu niliona, kupitia kioo,
kwamba ofisini hamkuwa na mtu.
Alisimama tu, mikono kiunoni,
akanywa maji, akajifuta shingo,
akarudi na sura ya habari mbaya.
Sikumwambia Ndeshi.
Sikuwa na kikohozi cha jambo hilo.

"Yupo mteja wa Njiro, ameshaliposa hili."
"Mwozesheni," mke wangu akasema, akasimama.
Nami nikasimama, na kiinua mgongo changu
kikasimama pamoja nami.
Hatua saba mpaka mlangoni; nilizihesabu.
Kwenye ya sita:
"Mama. Mama, subiri."

Sitini na moja na laki nne.
Usajili juu yao, bima ya mwaka mzima,
kapeti bure, tangi limejaa.
Ndeshi akasoma kila mstari kwa kidole,
akashika kalamu, akaitua.
"Na wewe unabakiwa na nini?"
Elirehema akacheka, kwa mara ya kwanza, meno yote.
"Nabakiwa na kazi, mama."
Akamtazama viatu.
"Jumamosi njoo Memorial. Unavaa arobaini na mbili."
"Bei?"
"Tutaelewana."

Tukapanda mlima polepole, nailoni ikilia chini ya makalio,
hakuna aliyethubutu kuibandua.
Pale Kibosho watoto wa jirani walilizunguka
wakijitazama nyuso zao mlangoni,
na mimi, nikiwa huru sasa, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Usiku mvua ikaja juu ya bati.
Nilidhani amelala.
"Mwalimu."
"Naam."
"Yule kijana alikubali upesi."
Nikanyamaza. Maji yalikuwa yakilipiga gari letu jipya
kwa vidole vingi, kama mnunuzi.
"Hatua sita," akasema gizani.
"Tungemaliza zote saba."