Upindo

Daftari langu la vipimo linanuka mafuta ya cherehani.
Ukurasa wa kumi na nne ni wake: Misriya binti Avvamma,
chekechea, bega inchi tisa, urefu ishirini na mbili.
Mvua ya Juni ilikuwa ikilipiga bati, Ullal nzima tope,
na yeye juu ya kigoda ananihesabia herufi:
alifu, bee, tee,
kisha akaziruka zote, akatua kwenye yee, mikono juu,
kama mtu aliyehitimu chuo.

Nikamwambia simama wima. Akasimama kwa vidole.
Watoto wote husimama kwa vidole.
Mimi huandika kimo cha kisigino.

Sare ya chekechea ni kijani cha mpunga mchanga.
Avvamma alilipa kwa fedha ya bidi,
zile sigara za majani anazozisokota kwa maelfu;
vidole vyake, njano ya tumbaku, vilihesabu sarafu
mara mbili, ya pili polepole.
"Acha upindo mkubwa," akasema. "Vidole vinne.
Gauni liende naye mpaka darasa la pili."

Likaenda naye mpaka la tatu.

Darasa la nne akaomba mfuko wa kalamu.
Alfajiri Qurani, mchana hesabu,
Kikannada ubaoni, Kiingereza kitabuni,
Kibeari wakigombana uwanjani.
Darasa la sita, shungi: juzuu ya Amma imekaa kifuani
na desimali zinamtokea puani.
Tangu la nane, vipimo vyake huchukua Rukhiya, binti yangu,
nyuma ya pazia, ananitajia namba kwa sauti,
nami naandika.

Rukhiya.
Yeye hayumo daftarini.
Sare yake ya mwisho ilikuwa ya darasa la saba.
Mwaka ule macho yangu yalianza kulikosa tundu la sindano,
nikasema: ni mwaka mmoja tu, mwanangu, utarudi.
Nilisema kwa upole. Upole nao hukata,
kama mkasi uliotiwa mafuta.

Juzi Misriya kaja peke yake,
mwavuli unachuruzika karibu na majora yangu.
Mtihani wa darasa la kumi kaupita. Sasa ni miaka miwili
ya kabla ya chuo kikuu, lile ghorofa jipya nyuma ya msikiti:
fizikia, kemia, biolojia,
na saa moja ya tafsiri baada ya adhuhuri.
Sare ni nyeupe. Nyeupe haimsitiri fundi.

"Safari hii usiache upindo, mzee Moidin," akasema.
"Nimekoma kurefuka."

Wakaingia nyuma ya pazia, wawili.
Nikakaa na kalamu. Namba haikuja.
Nilisikia mnong'ono. Nilisikia fomu.
Nilisikia mtahiniwa wa kujitegemea,
nikasikia ada, kisha cheko fupi lililozibwa na kiganja.
"Bega!" nikaita.
"Kumi na tano," sauti ya binti yangu ikajibu,
kavu, kama ya mtu aliyeamshwa.

Usiku nikakata kitambaa cheupe.
Mkono una mazoea yake: nilipokuja kushtuka
vidole vinne vya upindo vilikwisha kuachwa.
Sikuvipunguza.

Asubuhi nafungua daftari niandike malipo,
chini ya mstari wa Misriya nakuta mwandiko mwingine,
wa duara, wa kufuata mistari, mwandiko wa darasa la saba:
Rukhiya binti Moidin. Bega kumi na tano na nusu.
Urefu hamsini na moja.
Mahali pa darasa pameachwa wazi.

Yuko jikoni, anachemsha chai, hageuki.
Kwenye meza vifungo vya Misriya vinanisubiri, sita.
Sikumwita.
Nimeisogeza sindano dirishani, nikaulamba uzi,
nikakosa, nikakosa.
Mara ya tano ukaingia.