Vumbi la Nyari

Mimi viunga vya Malindi nilivijua kwa madoa.
Miaka kumi na tisa kwenye beseni, nyuma ya hoteli,
sina haja ya kuuliza mgeni alishinda wapi jana.

Tope jeusi lenye harufu ya yai viza: huyo alikuwa Mida,
alivuka daraja la kamba juu ya mikoko, akateleza.
Kuvu na majani yaliyosagika makalioni: Gede,
aliketi juu ya ukuta aliokatazwa kuketi.
Chumvi iliyokauka kama ramani: fungu la mchanga,
maji yalimkuta angali anapigwa picha.

Lakini vumbi la Nyari, kule Marafa,
ukililoweka huwa waridi, ukilisugua huwa kutu,
ukianika nguo linarudi lilivyokuwa,
linakucheka kutoka kwenye kamba.
Nyevu, mwenzangu wa pasi, husema
hilo si vumbi, hilo ni deni.

Mwezi wa tano mvua ikafunga hoteli,
tukalipwa nusu na pole nzima.
Nyevu akasema: Twende.
Wapi?
Huko linakotoka.

Tukachanga. Mimi mia sita, yeye mia nne na chapati,
Mbodze wa jikoni akaleta birika na mdomo wake.
Katoi, ambaye huwapeleka wageni, alitutoza mafuta tu
na kutusihi tusimwambie mtu.
Tukavuka Sabaki, maji rangi ya chai iliyozidi maziwa,
Mbodze akitaja kila kijiji na nani huko anadaiwa,
mbuzi wamelala barabarani kama wana kibali.

Kijana wa langoni akazitazama leso zetu.
"Mmeleta kuuza nini?"
"Tumekuja kutazama."
"Kutazama nini?"
"Hicho unachowaonyesha wengine," Nyevu akasema,
na bei ya mwenyeji ikatafutwa daftarini,
ikapatikana ukurasa wa nyuma, imefifia.

Basi tukasimama ukingoni.
Miaka yote ile nguo zilikuwa zimenidanganya.
Nilitarajia wekundu. Kumbe mna weupe wa shuka kuukuu,
umanjano wa bizari, rangi ya fizi za mtoto,
nchi imechanika kuelekea chini, pindo kwa pindo,
kama leso iliyonaswa na msumari
na mwenyewe asisimame.

Kijana akaanza hadithi yake. Hapa paliishi tajiri.
Watu wake walioga maziwa, wakafulia maziwa,
hadi Mungu akawadidimiza.

"Wakafulia maziwa?"
Nyevu aliketi chini kwa kicheko.
"Kwa jua hili? Adhuhuri shuka zingenuka hadi Malindi!
Usimsingizie Mungu, mwanangu.
Dobi wao alichoka."

Kijana hakucheka.
Kisha akacheka, akageuka asionekane.

Tulishuka bondeni. Huko chini Mbodze alinyamaza,
jambo ambalo sijaliona hata msibani.
Aligusa ukuta wa udongo, akauonja kidole.
"Hauna chumvi," akasema, kwa upole,
kama anayemsahihisha mpishi mgeni.
Tukala chapati zetu zikiwa na mchanga.
Hakuna aliyetuhimiza. Hakuna aliyetuhesabu.
Katoi alilala garini, miguu dirishani.

Leso yangu niliifua mara tatu. Pindo limekataa.
Nimeiacha.

Mwezi wa saba wageni walirudi, na madoa yao.
Meneja akaniletea suruali nyeupe, magoti mekundu,
ameishika kwa vidole viwili.
"Mama Kache, doa hili linatoka?"
Nikaigeuza juani, nikaitazama vizuri.
"Linatoka Nyari," nikamwambia.

Akasimama pale kidogo,
akingoja niendelee.