Nafasi Haitoshi

Tangu alasiri, hapa Ruwi, waya mweupe
umeiozesha tableti kwa kompyuta.
Filamu tatu za Kihindi zimeshavuka.
Ya nne inajikokota: tisini na sita, tisini na saba,
kisha kioo: nafasi haitoshi.

Basi la Salala laondoka saa moja.
Ukishapita Adam ni mchanga, nguzo, mchanga,
na Mundhir haulizi mara moja tu "tumefika?"

Nifute nini?
Katuni zake? Thubutu.
Mama akipepeta mchele: dakika mbili, haina kisa,
anamfukuza mpiga picha kwa ungo.
Ungo ninao mimi sasa.

Basi, ya nne na ibaki.
Yule binti ataolewa tu,
hata nisipomtazama.